Kitabu kilichonirudishia mama, kikakaribia kunichukulia mdogo wangu

Nimekaa na hii stori miaka mingi sana bila kuiandika. Mdogo wangu wa kike ndo amenipa ruhusa juzi, ila kasema jina lake nisiweke wala kijiji chetu nisikitaje, kwa hiyo niseme tu sisi ni watu wa Kiziba, Kagera, karibu na mpaka wa Uganda, wanaojua watajua.

Mwaka 2006 nilikuwa Minnesota, Marekani, nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, zile kazi ambazo wengi wetu huku tumeanzia. Mi ni Mlutheri wa kuzaliwa, na Minnesota nikakuta Walutheri wamejaa, nikajisikia nyumbani kabisa. Pale kanisani kulikuwa na mzee mmoja Mmarekani mstaafu, mtu wa Mungu kwelikweli, siku za theluji ndo alikuwa ananipitia kwa gari lake kunipeleka ibadani. Siku moja akanipa kitabu, The Politically Incorrect Guide to Science cha Tom Bethell, kilikuwa kimetoka mwaka uliopita, 2005. Akaniambia soma hiki, humu ndani kuna habari za kwenu Afrika ambazo magazeti hayatakwambia.

Bethell hakuwa mwanasayansi, alikuwa mwandishi wa habari, Mwingereza aliyehamia Marekani na kuandikia majarida ya kihafidhina. Kitabu chake kinasema sayansi imetekwa na siasa, kwamba wanasayansi wanajua wakitutisha ndo hela za utafiti zinakuja, na anayehoji anazibwa mdomo. Anapita kwenye joto la dunia, nyuklia, DDT ile dawa ya kuulia wadudu, seli shina, kansa, Darwin, na UKIMWI wa Afrika. Mi ni mhafidhina, nilikuwa na bado niko, kwa hiyo nilikipokea kama mtu aliyeletewa barua kutoka nyumbani. Kuna na vile vijisanduku pembeni ya kurasa vinavyokwambia hiki hapa kitabu usichotakiwa kukisoma, na ukishaambiwa hivyo unajisikia na wewe umeingizwa chumba cha ndani, wenzako wako sebuleni hawajui kitu.

Nilikisomea kazini. Kazi yenyewe usiku ilikuwa kila baada ya masaa mawili unapita kuwageuza wazee wasiojiweza wasipate vidonda vya mgongoni, halafu unakaa kwenye kiti cha korido unasubiri masaa mawili mengine. Sa mi nilikuwa nageuza wazee, nakaa, nasoma, nageuza tena, nasoma. Na penseli mkononi.

Cha kwanza kunishika kilikuwa DDT. Hoja ni kwamba wanamazingira wa Marekani, kuanzia Rachel Carson na kitabu chake cha 1962, walitia watu hofu mpaka DDT ikapigwa marufuku 1972, na watoto wa Afrika ndo wakalipa kwa malaria. Mi nimekua Kagera bana, malaria naijua, darasa la tatu tulizika mwenzetu wa dawati moja na mimi, Jumatatu yupo Ijumaa hayupo. Nilivyosoma ile sura nililia kwa hasira pale kwenye korido. Na nikienda kuchunguza nakuta kuna ukweli kabisa ndani yake. Afrika Kusini kwa mfano, 1996 waliacha DDT wakahamia dawa nyingine ya kupulizia majumbani, mbu mmoja hatari anaitwa Anopheles funestus akarudi akiwa sugu kwa ile dawa mpya, na kufika 2000 wakawa na wagonjwa zaidi ya elfu sitini kwa mwaka, ikabidi wairudishe DDT, na malaria ikashuka. Septemba 2006, yaani mwaka uleule ninaosoma, WHO, shirika la afya duniani lenye makao Geneva, wakatangaza wazi kwamba wanaunga mkono kupulizia ndani ya nyumba, DDT ikiwemo. Nikasema si unaona! Kitabu kimesema kabla yao!

Nilikuja kujua baadaye sana kwamba ile marufuku ya 1972 ilikuwa ya Marekani, haikuwa ya Afrika. Kwamba mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kimataifa wa kuzuia kemikali zenye sumu, uliacha mlango wazi kwa DDT ya kuulia mbu wa malaria. Kwamba mbu walishaanza kuwa sugu mapema, sana sana kwa sababu ya dawa iliyomwagwa mashambani na sio ya ukutani. Zanzibar walipulizia DDT miaka ya mwisho ya hamsini mpaka 1968, malaria ikashuka sana, mradi ukasimama, ikarudi, na kusimama kwake hakukuhusiana na Marekani kupiga marufuku maana ilikuwa bado miaka minne. Haya yote hayakuwa siri. Ila mi sikuyatafuta, kwa nini nitafute wakati nilishapata kilichonikuna?

Sasa ile sura ya UKIMWI.

Anasema hivi, na nitajaribu kumtendea haki. Oktoba 1985 WHO waliitisha mkutano Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakatengeneza namna ya kumtambua mgonjwa wa UKIMWI Afrika bila kupima damu. Mtu akipungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito, akiharisha zaidi ya mwezi, akiwa na homa zaidi ya mwezi, hizo ni dalili kubwa, ukiwa na mbili kati ya hizo na moja ndogo kama kikohozi cha muda mrefu au ngozi kuwasha, basi unaandikwa UKIMWI. Sa Bethell anauliza, hizo si dalili za TB? Si za minyoo, malaria, maji machafu, njaa? Kwa hiyo hoja yake ni kwamba walichukua magonjwa ya umaskini ya siku zote wakayapa jina jipya, hela zikamiminika, na ndo maana pamoja na kelele zote za kwamba Afrika inaisha, idadi ya watu Afrika inazidi kupanda.

Ile mistari niliipigia penseli mpaka karatasi ikataka kuchanika.

Ili mnielewe inabidi niwaambie mama yangu alikufaje. Baba alitangulia 1987, mama akafuata 1989, nilikuwa na miaka kumi na nne. Kwetu ugonjwa ulikuwa unaitwa Juliana, kwa sababu ya nguo za jina hilo zilizokuwa zinavushwa kutoka Uganda, watu wakasema umekuja na zile nguo, na wengine wakaita silimu kama Waganda. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania nzima walikuwa Kagera, 1983. Mama alikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inavaliwa na uzi. Majirani waliacha kunywea vikombe vyetu. Kwenye msiba wake shemasi alisema maneno fulani kuhusu mshahara wa dhambi, akitazama chini, na mi nilikuwa mstari wa mbele nimemshika mdogo wangu mkono, alikuwa na miaka saba. Mama yangu hakuwahi kutoka na mwanaume zaidi ya baba. Hiyo aibu nilivuka nayo bahari.

Sa fikiria mtu wa namna hiyo, saa nane usiku, korido iko kimya, anasoma kwamba mama yake alikufa kwa TB tu. Kwamba hakuna Juliana, hakuna dhambi, kuna umaskini na maji machafu na wazungu wa Geneva waliokosea jina. Yaani kile kitabu kilinirudishia mama akiwa msafi. Hakuna takwimu iliyonishawishi, mi nilichukua kile nilichokuwa nimekililia miaka kumi na saba.

Mdogo wangu alikuwa Mwanza wakati huo, ameolewa, mume amekufa, na mwanzoni mwa 2007 akanipigia kuniambia kwamba amepima na ameanza dawa. Serikali ilikuwa imeanza kutoa ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi, bure tangu mwishoni mwa 2004, kliniki zile za watu wenye virusi zinaitwa CTC, unapewa kadi yako na tarehe ya kurudi. CD4 zake, zile chembe za kinga ya mwili, zilikuwa 140, chini sana. Alikuwa anameza asubuhi na jioni, na miguu ilikuwa inamuwaka moto, akasema kaka, usiku natoa miguu nje ya shuka naiweka kwenye sakafu ya saruji ndo napata usingizi.

Na mi nikamwambia unaona, hizo dawa ni sumu.

Sikumwambia mara moja ikaisha, hapana. Nilikuwa nanunua zile kadi za kupigia simu za dola tano, nampigia kila wiki, namsomea kitabu. Nilikuwa namtafsiria aya kwa aya, Bangui, dalili, hela, maprofesa wa chuo kikubwa California wanaokataa kwamba kirusi ndo kinasababisha ugonjwa. Nilikuwa msomi wa familia, nipo Marekani, nani angenibishia? Akaniuliza mara moja tu, kaka, una uhakika? Nikamwambia nina uhakika. Akasema haya waitu, we ndo baba yetu.

Aliacha mwezi wa sita. Miguu ikapoa, akanipigia amefurahi, uzito haujashuka, anauza dagaa wake pale sokoni kama kawaida. Mi nikaona ni ushahidi mwingine. Februari 2008 jirani yake ndo akapiga simu, sio yeye, yeye alikuwa hawezi kushika simu.

Nilikopa nauli. Nilimkuta wodi ya TB na mama mwingine, wamelala mzungu wa nne kitanda kimoja. Nilivyomshika mkono nikaukumbuka ule mkono, sio wake, wa mama, mifupa ileile ya vidole, na pale sikuwa na hoja yoyote ya Bethell kichwani. Nesi wa zamu, dada mdogo tu, akafungua faili akaniuliza nani alimwambia aache dawa. Nikasema ni mimi. Hakunifokea. Aliandika kitu kwenye faili, akasema mtamsaidia kumeza, ataanza za TB kwanza halafu hizi, zote lazima, na wewe ndo utakuwa msimamizi wa dawa kwa wiki hizi ulizopo. Kwa hiyo mi mwenyewe, na mikono yangu hii, nikawa nahesabu vidonge kwenye kiganja chake kila asubuhi.

Alipopata nguvu kidogo nikaenda kijijini kumsalimia bibi, mama yake baba, aliyetulea. Alikuwa ameshapita miaka themanini. Tulikaa nje, anamenya ndizi, na mi nikajikuta namweleza yote, kitabu, mkutano wa Bangui, kwamba labda wanae walikufa kwa umaskini. Bibi hajui kusoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu kikiendelea. Halafu akaniuliza, katika kijiji hiki nani alikuwa maskini, baba yako au mimi?

Nikanyamaza kwa sababu jibu nalijua. Baba alikuwa mfanyabiashara wa magendo ya Mutukula, ndo mtu wa kwanza kitongojini kwetu kuezeka bati, alikuwa na pikipiki, nyumbani tulikula nyama katikati ya wiki. Bibi alikuwa anakula ndizi na maharage, anachota maji yaleyale ya kisima cha bondeni ambayo kila mtu alichota. Akaanza kutaja waliozikwa kwenye kibanja chetu na vya jirani, mmoja mmoja, na kazi zao. Mwenye duka. Dereva. Mwalimu na mkewe. Mnunuzi wa kahawa. Mshona nguo. Wote wa miaka ishirini na kitu, thelathini, arobaini. Akasema njaa naijua mimi, nimeiona, njaa inachukua mtoto na inachukua mzee, hii ilituacha sisi wazee na nyie watoto ikachukua katikati.

Nilikuwa nimekaa juu ya ushahidi maisha yangu yote! Nimekulia kwenye nyumba ya bibi mmoja na wajukuu saba bila mtu mzima hata mmoja katikati, na Kiziba nzima nyumba za hivyo zilikuwa zimejaa, halafu nikahitaji kitabu kutoka Marekani kiniambie kilichotokea kwetu.

Niliporudi Minnesota nikaanza kusoma upya, safari hii nikitafuta kinachonipinga. Kumbe 1987, mwaka aliokufa baba, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Sweden walipita Kagera wakipima damu, damu kabisa sio dalili, na Bukoba mjini walikuta asilimia 24 ya watu wazima wana virusi, wakati eneo moja la mbali halikufika hata asilimia moja. Umaskini wa vijijini Kagera haupishani hivyo. Kumbe ng'ambo ya mpaka, Masaka, walifuatilia vijiji kumi na tano kwa miaka miwili, watu zaidi ya elfu tisa, wote maskini sawa, maji yaleyale, ndizi zilezile, na watu wazima wenye virusi walikufa zaidi ya mara kumi ya wasio navyo. Hiyo ilitoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet 1994. Miaka kumi na moja kabla ya kitabu. Mtu anayesema sayansi imefichwa alitakiwa aieleze hiyo, aseme kwa nini, na kwenye kurasa zangu zenye penseli sikupata maelezo ya kunitosha.

Na ile Bangui? Ilikuwa kipimo cha dharura kwa hospitali zisizo na maabara, kipimo chenyewe cha damu kilikuwa ndo kimeruhusiwa Marekani mwaka huohuo wa 1985. Ilikuwa na makosa, ndio, iliwabeba watu wa TB isivyostahili, na iliwaacha wengine. Hata makadirio ya jumla yalikuwa juu mno, 2007 Umoja wa Mataifa wenyewe walishusha hesabu ya dunia kutoka watu karibu milioni 40 mpaka milioni 33, na Tanzania ilipopima watu nyumba kwa nyumba 2003 na 2004 ikapata asilimia 7, chini kuliko wengi walivyodhani. Kwa hiyo Bethell aliposema hesabu zimekuzwa hakuwa mwongo. Hapo ndo panapouma. Kutoka "hesabu zimekuzwa" mpaka "ugonjwa haupo" ni mruko mkubwa kweli, na mi niliruka bila kuangalia chini kwa sababu upande wa pili alikuwa amesimama mama.

Mwishoni mwa 2008 watafiti wa Harvard wakatoa hesabu ya Afrika Kusini, kwamba wakati Rais Mbeki anawasikiliza hao maprofesa wanaokataa kirusi, na waziri wake wa afya anasifia kitunguu saumu na bitiruti, kuchelewesha dawa kuliondoa zaidi ya watu 330,000 kati ya 2000 na 2005. Niliisoma palepale kwenye kiti changu cha korido. Watu wanaisoma ile namba kama siasa za Mbeki, mi nilikuwa naona kadi ya simu ya dola tano.

Yule mzee wa kanisani nilimwambia. Nilimkalisha nikamweleza, na alilia, mzee wa watu hakuwa na nia mbaya hata chembe, alinipa kitabu kama unavyompa mtu chakula. Sijaacha uhafidhina kwa ajili ya hili, kuhusu kutoa mimba na seli za viinitete bado nasimama palepale, hayo ni maswali ya nini ni halali na dini yangu ina neno hapo. Lakini swali la kirusi kipo au hakipo halina mrengo. Miguu ya mdogo wangu nayo haikuwa na mrengo, ile dawa iliyokuwa inamchoma ilikuwa stavudine, inaharibu mishipa ya fahamu kweli, na 2009 WHO wakashauri nchi ziachane nayo. Alichohitaji ni kubadilishiwa dawa. Angemwambia daktari badala ya kuniambia mimi angebadilishiwa, na mi ningekuwa na akili ningemwambia nenda kamwambie daktari.

2011 ikaja Loliondo, mnakumbuka, kikombe cha Babu pale Samunge, dawa ya mitishamba iliyosemwa inaponya hata UKIMWI, shilingi mia tano, magari foleni kilomita na kilomita, mawaziri wamo. Akanipigia, mtaa mzima unakwenda, wengine wameshatupa dawa zao. Nilinyamaza muda kwenye simu. Sikumkataza maana nilishapoteza haki ya kumwambia kunywa hiki acha hiki. Nikamuuliza tu, ukienda, vidonge utabeba? Akasema kaka, hata mbinguni nitabeba. Alikwenda, alikunywa, akameza na vidonge vyake jioni ileile ndani ya basi. Wawili aliokwenda nao walikuwa wameacha, na wote wamezikwa.

Sasa hivi anameza kidonge kimoja tu kwa siku, miguu haiwaki, na kipimo cha wingi wa virusi kinarudi kila mwaka hakioni kitu. Dagaa ameacha, ana duka la vitenge.

Agosti 2021, chanjo ya korona ndo imeanza kutolewa nyumbani na mitandao inachemka, alinipigia video akaniuliza kaka, hii chanjo we unasemaje, umesoma nini? Moyo ulinipiga. Nikaanza kumwambia mdogo wangu, kamuulize daktari wako wa CTC, mi sina la kusema. Akacheka, akashusha bega la gauni akasogeza simu nione plasta. Akasema nimechoma juzi, nilikuwa naulizia wewe, umechoma?